Fundi bomba mbele ya antena: kisa cha paa moja Kariakoo, pamoja na hesabu zake

Jengo lenyewe ni la ghorofa nne, liko Kariakoo, chini maduka, katikati wapangaji, juu kabisa paa la zege ambalo watu wanaanikia nguo na jioni wanapunga upepo. Mwenye nyumba ni mama mmoja mtu mzima, alikodisha paa kwa kampuni ya simu miaka kadhaa nyuma. Kampuni siitaji na mtaa siutaji, maana nilichokikuta pale ningekikuta kwenye mapaa mengine kibao ya Dar. Walifunga antena tatu. Mbili ziko ukingoni kabisa zinatazama barabarani, hizo hazina neno, mbele yake ni hewa tupu. Ya tatu ndo yenye kisa: upande wa nyuma walikosa pa kusimamisha nguzo ukingoni, wakaifunga kwenye ukuta wa chumba cha ngazi, katikati ya paa, kwa hiyo mawimbi yake yanakatiza juu ya paa lenyewe kwanza ndo yatoke nje ya jengo.

Walipoifunga hawakukosea. Kitako cha antena kilikuwa mita mbili na nusu kutoka sakafuni, kichwa chake mita nne na nusu, mtu mrefu anapita chini yake bila shida yoyote. Shida imekuja baadaye, maji yalipoanza kuwa ya mgao mama akanunua simtanki mbili za lita elfu tano, fundi wa kuchomelea akatengeneza stendi ya chuma ya mita mbili ili maji yashuke kwa presha, ikawekwa palipokuwa na nafasi, na palipokuwa na nafasi ni mbele ya antena ya tatu. Ile stendi ikampandisha binadamu mita mbili, yaani kifua na kichwa vikaingia sawasawa kwenye usawa wa antena. Hakuna aliyeipigia kampuni simu. Apige ya nini, tanki la maji tu hilo.

Sa siku ya tukio floti ya tanki moja ilikuwa imekufa, maji yanamwagika usiku kucha, akaitwa fundi bomba, kijana wa mtaani hapo hapo. Kapanda saa saba mchana. Mlinzi kampa ufunguo wa mlango wa paa bila neno. Bomba la kuingizia maji liko upande unaotazama antena kwa hiyo fundi kasimama kati ya tanki na antena, mgongo kaipa antena, na kwa vile jua lilikuwa kali kavua shati akalitundika kwenye ule mkono wa chuma unaoshika antena, akaanza kupambana na nati iliyoshika kutu. Alikaa pale kama saa nzima. Aliposhuka akamwambia mlinzi kichwa kinamgonga na mgongo wa shingo anausikia wa moto, mlinzi akamwambia mpangaji mmoja, na kabla ya magharibi jengo zima linajua kuwa mnara umempiga fundi.

Usiku wake nikapigiwa. Mi nafanya kazi za saiti za minara kwa kontrakta, si wa kampuni ile, na mpwa wake mama tunafahamiana. Mama hakuzunguka: "Mwanangu, niambie ukweli, hili dude nilioleta hapa litatuua?" Na nyuma yake nasikia sauti ya dada mmoja, mpangaji wa ghorofa ya nne, ana mtoto mchanga, chumba chao kiko chini kabisa ya ile antena, anasema yeye kesho anahama na anataka kodi yake irudishwe.

Nilipofika kesho yake nilikuta kesi tatu zimefungwa kwenye fundo moja. Kuna mtoto wa ghorofa ya nne, ambaye kila mtu anamlilia. Kuna majirani wa jengo la pili, wanasema antena inawatazama dirishani. Na kuna fundi, ambaye alikuwa kajikalia kwenye ngazi na panadol yake na hakuna aliyekuwa anamuuliza kitu, wote wanamtumia kama ushahidi wa hofu zao. Kumbe katika hao wote aliyeingia eneo la hatari ni yeye peke yake.

Twende kwenye mawimbi yenyewe, maana hapa ndo watu wanachanganya mambo. Neno mionzi likitajwa mtu anawaza eksirei na mabomu. Mawimbi ya redio na simu ni mionzi isiyoayonisha, hayana ubavu wa kung'oa elektroni kwenye chembe za mwili. Masafa ya 900 MHz chembe yake moja ya nishati ingebidi iwe kubwa zaidi ya mara milioni mbili ndo ianze kufanya kazi hiyo. Yanachofanya, na hiki kimethibitishwa vizuri, ni kupasha joto. Maji na chumvi za mwilini zinasukwasukwa, joto linapanda, damu inajaribu kulibeba kwenda kwingine. Sehemu zenye damu kidogo ya kupooza, kama lenzi ya jicho na korodani, ndo zinaogopewa zaidi. Mama aliniuliza kansa, nikamjibu ilivyo: shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO mwaka 2011 liliyaweka mawimbi ya redio kwenye kundi la 2B, kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani lakini ushahidi wake ni hafifu. Vikomo vya usalama havikuwekwa kwa ajili ya hilo, vimewekwa kwa ajili ya joto.

Na vilipatikanaje? Ilionekana mwili mzima ukifyonza kama wati 4 kwa kila kilo ya uzito, joto la ndani linapanda kama nyuzi moja. Wataalamu wa ICNIRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi isiyoayonisha, wakagawa kwa kumi, ikawa wati 0.4 kwa kilo, hicho ni kikomo cha mfanyakazi. Wakagawa tena kwa tano, ikawa 0.08, hicho ni cha raia wa kawaida, maana kwenye raia kuna watoto, wazee, wajawazito, wagonjwa, na zaidi ya yote kuna watu wasiojua kama wako kwenye mawimbi. Vipimo vya mwilini huwezi kuvichukua juu ya paa, ndo maana wakavibadilisha kuwa nguvu ya mawimbi kwa mita ya mraba. Kwa raia ni wati 4.5 kwenye 900 MHz, 9 kwenye 1800, na 10 kuanzia 2000 kwenda juu. Kwa mfanyakazi zidisha kila moja kwa tano.

Hapo kwenye neno mfanyakazi ndo kampuni walitaka kupita. Mtu wao wa kwanza niliyeongea naye kasema, kaka, huyo si alikuwa kazini, basi anapimwa kwa kikomo cha kazini. Hapana bwana. Mfanyakazi kwenye hivi viwango ni mtu aliyefundishwa, anayejua mawimbi yapo, na ana uwezo wa kujikinga, kuhama au kuomba yazimwe. Fundi bomba anayejua floti na tefloni tepu tu ni raia wa kawaida hata awe kavaa ovaroli ya rangi gani. Yeye kapanda paani kama ambavyo dada wa ghorofa ya nne anapanda kuanika nepi.

Haya, hesabu. Antena ile ina bendi tatu ndani, yaani masafa matatu, 900, 1800 na 2100, nikachukua wati 40 kwa kila bendi, zote zikiwa zimejaa. Watu wengi wanatumia ile fomula ya kugawanya kwa eneo la duara, kwamba nguvu inatawanyika kwa mraba wa umbali. Kwa mbali iko sawa ila kwa karibu inadanganya, inakupa namba kubwa za kutisha, maana antena ya mita mbili mtu akiwa mita moja na nusu mbele yake si nukta, ni ukuta unaong'aa kotekote. Kwa karibu unachukua wati zako unazigawa kwa eneo la kipande cha silinda: urefu wa antena, mara umbali, mara upana wa mwale. Upana wa mwale wa antena kama ile ni nyuzi 65, sawa na 1.13 kwa redia. Kwa hiyo kwenye mita 1.5, pale aliposimama fundi, ni 40 gawa kwa 1.13 mara 1.5 mara 2, unapata kama wati 11.8 kwa mita ya mraba, kwa kila bendi.

Ukiangalia bendi moja moja unaweza kujiliwaza, ila mwili haugawi bendi, unapokea zote kwa pamoja. Unachukua kila moja kama sehemu ya kikomo chake afu unajumlisha. 11.8 kwa 4.5 ni 2.6, 11.8 kwa 9 ni 1.3, 11.8 kwa 10 ni 1.2. Jumla 5.1. Yaani fundi alipokuwa amesimama wima alikuwa kwenye mara tano ya kikomo chake, na kama angekuwa riga, fundi wa kupanda minara, aliyefundishwa basi angekuwa kakigusa kikomo cha kazini na kukipita kidogo. Akirudi nyuma kuvuta spana, mgongo unafika mita moja, hapo inakuwa zaidi ya mara saba na nusu. Na wastani wa muda haumuokoi, kwa viwango vya 2020 mwili mzima unahesabiwa kwa wastani wa dakika 30, yeye kakaa saa nzima.

Hizo ni hesabu za antena ikiwa imejaa. Saa saba mchana Kariakoo trafiki ipo ila si lazima bendi zote zijae kila sekunde, kwa hiyo alichokipata kweli kinaweza kuwa pungufu, tuseme nusu, hata theluthi. Bado yuko juu ya kikomo. Na kuna kitu hesabu yangu haikukiingiza: nyuma ya fundi antena, mbele yake tanki la plastiki lenye maji, chini stendi ya chuma, pembeni bati la chumba cha ngazi. Chuma na bati vinarudisha mawimbi. Wimbi linalokwenda likikutana na linalorudi kwa mpangilio mbaya, uga, yaani ukali wa wimbi, unaweza kuwa maradufu, na uga ukiwa maradufu nguvu inakuwa mara nne, sentimita kadhaa pembeni unakuta inashuka karibu na sifuri. Ndo maana ukipima paani kwenye mabati humwamini mtu aliyeweka mita ya kupimia mawimbi sehemu moja akaondoka. Unaizungusha mita kuanzia magotini mpaka kichwani, taratibu, unaandika ya juu kabisa.

Swali ambalo fundi aliniuliza mwenyewe, na lilikuwa swali zuri kuliko yote ya siku ile: "Sa braza, mbona sikusikia kitu? Ningesikia si ningetoka." Jibu ni jua. Jua la mchana linashusha karibu wati 1000 kwa kila mita ya mraba juu ya ngozi, na hizo bendi tatu zote kwa pamoja pale aliposimama zilikuwa kama wati 35. Ngozi iliyoungua na jua haiwezi kukuambia kuna 35 nyingine juu yake. Tena joto la jua linaishia juu juu kwenye ngozi penye mishipa ya kuhisi, mawimbi ya simu yanaingia sentimita kadhaa ndani ambako hakuna wa kupiga kelele. Mtu anayesema mi nikisikia joto nitahama, huyo hana kinga yoyote.

Sasa kile kichwa kilichomuuma. Nimeulizwa sana kama ni antena. Kijana kasimama saa nzima tumbo wazi, jua la utosi, hajanywa maji, anapambana na nati yenye kutu, kichwa kitauma hata kama antena haipo. Upande mwingine kuna ripoti ya kitabibu ya mwaka 1997 ya mafundi watatu waliokuwa juu ya mnara wa televisheni wakapigwa na mawimbi ya karibu 785 MHz bila kutarajia: wao walisikia joto kali papo hapo kwenye sehemu zilizokuwa ndani ya mwale, kisha maumivu, ganzi, ngozi kuwa nyekundu, kuharisha, na kichwa cha upande uliopigwa kikaendelea kuuma kwa muda mrefu. Fundi wetu hakuwa na hilo joto la ghafla wala ngozi nyekundu zaidi ya ya jua. Kapelekwa hospitali, presha sawa, macho yakaangaliwa, akaambiwa anywe maji apumzike, na baada ya siku mbili alikuwa mzima. Mimi nakiandika kama nilivyomwambia mama: kuumia sioni, kuvukishwa kikomo naona. Ni vitu viwili tofauti na cha pili hakihitaji cha kwanza ndo kiwe kosa. Kampuni walikuwa wanashikilia kwamba kama hajaumia basi hakuna kesi. Ile mara hamsini kati ya kikomo cha raia na mahali joto linapoanza kupanda imewekwa ili mtu akikosea asiumie, si ili mwenye antena aile taratibu kama posho yake.

Chumba cha mtoto sikutumia muda mwingi, hesabu yake ni fupi. Antena ni kama tochi, mwanga wote unakwenda mbele, ukikaa nyuma au chini yake unapata mabaki. Mgongo wa antena ni chuma, nyuma yake nguvu inapungua mara mamia. Kwa kwenda juu na chini mwale ni mwembamba, nyuzi saba nane hivi, chini moja kwa moja inabaki sehemu ndogo sana, na hiyo sehemu ndogo inakutana na zege lenye nondo. Mita ndani ya chumba ilikaa chini ya volti moja kwa mita, wakati kikomo cha raia kwenye 900 ni volti 41. Na kwa vile nguvu inakwenda kwa mraba wa volti, hiyo ni chini ya elfu moja ya kikomo. Nilimuonyesha yule dada mita mwenyewe, nikamwomba apige simu yake huku mita iko karibu na sikio lake, namba ikaruka kuliko kitu chochote kilichotoka darini. Hakufurahi sana. Ila ndo hivyo, simu iko sentimita moja kutoka kichwani, na mnara ukiwa mbali simu inapandisha nguvu ili isikike, kwa hiyo anayetaka mnara uondoke mtaani kwa ajili ya mtoto anaomba simu yake mwenyewe ipige kelele zaidi karibu na mtoto.

Majirani wa jengo la pili walikuwa kama mita 40 mbele ya antena. Kwa umbali huo fomula ya duara inafaa. Wati 40 kwenye antena inayokusanya nguvu kwa mbele mara 50 ni kama wati 2000 za upande mmoja, gawa kwa 4 mara pai mara 1600, unapata 0.1 kwa kila bendi. Ukijumlisha bendi zote ni asilimia 4 hivi ya kikomo, nje ya dirisha, bila kuhesabu ukuta. Kwa antena ile, mstari wa raia unaishia kama mita 8 na kidogo mbele yake, kwenye usawa wake. Ndani ya hizo mita 8, kwa urefu ule, hatakiwi kukaa mtu asiyejua, na mama kaweka tanki kwenye mita mbili.

Tuje kwenye lawama, maana kila mtu alikuwa anamrushia mwenzake mpira.

Kampuni walituma imeili moja nzuri sana inasema saiti inakidhi viwango na wana cheti. Cheti ni cha kweli. Kilitolewa siku ambayo stendi haikuwepo, binadamu wote walikuwa chini ya mita mbili na nusu. Wanaokuja kila baada ya miezi kadhaa kusafisha kabati na kuangalia betri wamepita pembeni ya ile stendi mara ngapi sijui, wanasaini karatasi wanashuka. Hilo kwangu ndo kosa kubwa la kisa hiki, kubwa kuliko la mama, maana mama hajui na wao wanajua. Halafu lile bango. Lilikuwepo, pembetatu ya njano yenye alama ya antena na mawimbi, maandishi ya Kiingereza yaliyofifia. Limebandikwa upande wa nje wa mlango wa paa. Mlango wenyewe unaegeshwa wazi mchana kutwa kwa tofali, kwa hiyo bango linatazama ukuta. Kukiwa na watu juu, hakuna anayeliona. Nililiona mimi kwa sababu nilisogeza tofali.

Mama naye kwenye mkataba wake kuna kifungu kinachosema asiweke kitu mbele ya antena, kimeandikwa kwa ajili ya kampuni, mawimbi yasizibwe, hakuna sehemu inayotaja mtu. Mkataba wa Kiingereza kurasa kumi na kitu, kausaini kwa sababu ya kodi ya mwezi. Mlinzi alikuwa na ufunguo na hakuwa na maelekezo. Fundi hana lawama hata chembe, ila lile shati kwenye mkono wa antena lilinisikitisha, maana linaonyesha kwake ile ilikuwa ni boksi jeupe tu.

Tanzania hili si jambo lisilo na mwenyewe. Tume ya Nguvu za Atomu, TAEC, ina mamlaka juu ya mionzi ya aina zote mbili kwa sheria namba 7 ya 2003, na inapima minara, mwananchi anaweza kupeleka malalamiko. Usalama wa kazini uko OSHA kwa sheria namba 5 ya mwaka huo huo. Nilimwambia mama aandike barua TAEC, na kusema kweli barua ndo iliyowafanya kampuni waache imeili na kumtuma mtu.

Kazi ya kurekebisha ilianza na kumaliza ile floti, maana maji yalikuwa bado yanamwagika. Na hapa kuna somo ambalo marafiki zangu wa saiti wanalijua lakini mafundi rangi, mafundi bomba na watu wa AC hawalijui. Huzimi antena kwa kuchomoa waya. Unapiga simu NOC, kituo chao cha kusimamia mtandao, unawatajia namba ya saiti na sekta, yaani upande unaotazamwa na antena hiyo, wanaifunga kwa mbali, wanakupa namba ya kibali na jina la aliyefunga. Wakatuambia tayari, sekta ya tatu imezimwa. Nikapanda na mita kabla ya fundi. Bado inasoma! Kumbe walikuwa wamefunga bendi ya 900 peke yake, zile mbili ziko kwenye kabati lingine na mtu wa zamu hakuziona kwenye skrini yake. Tukarudi kwenye simu, zikafungwa zote, mita ikalala, ndo fundi akapanda. Kama hamna mita, mwombe mtu wa NOC akusomee bendi moja moja ya hiyo sekta na hali yake, na kama nguzo ina antena za kampuni mbili basi simu ni mbili. Neno tumezima peke yake halimpandishi mtu.

Kale kasahani kadogo ka maikrowevu kwenye nguzo ile ile watu wanakaogopa zaidi sababu kana umbo la kutisha, nguvu yake mara nyingi haifiki wati moja, ila mwale wake ni mwembamba, usisimame mbele yake tu. Mwenye pacemaker, kile kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, kifuani asipande kabisa paa la aina hii bila kumuuliza daktari wake.

Na msije mkaichukua ile namba ya mita 8 mkaipeleka kwenye kila antena. Mwezi huo huo yule fundi kaitwa kazi kwenye jengo lenye antena ya redio ya FM, akanipigia kuuliza kama ni yale yale. Si yale yale. Masafa ya FM, karibu na 100 MHz, nusu ya urefu wa wimbi lake inakaribiana na mwili wa mtu mzima aliyesimama, mwili wenyewe unageuka antena nzuri na unafyonza sana, ndo maana kikomo cha raia pale kinashuka mpaka wati 2 kwa mita ya mraba na cha mfanyakazi 10. Kituo kinachorusha kilowati 5 za ERP, yaani nguvu baada ya antena kuikusanya, mstari wa raia unafika kama mita 18 kwenye mwale. Na FM hairushi upande mmoja kama ile antena bapa, inazunguka. Kwenye minara ya AM ndo usiseme, mnara wote ni antena, chuma chote kina umeme wa mawimbi, mtu aliyesimama ardhini akiugusa anaungua na anaweza kufa pale pale. Nikamwambia ile kazi asiguse mpaka wenye redio washushe nguvu au wazime, na kama wanasema hawawezi kuzima mchana basi aifanye usiku, na wakikataa hilo pia aache hela yao.

Kwenye jengo la mama mvutano ulikuwa nani alipe kuhamisha tanki. Mama anasema paa ni langu, kampuni wanasema mkataba umekataza. Mwishowe stendi imehamishiwa nyuma ya chumba cha ngazi, upande wa mgongo wa antena, gharama nusu kwa nusu, na kampuni wameipandisha antena kwenye nguzo ndefu zaidi ili hata ukisimama juu ya stendi usiifikie. Sakafuni wamechora mstari mwekundu. Mabango mapya mawili ya Kiswahili, moja kwenye nguzo yenyewe, moja ukutani pale ambapo mlango ukiwa wazi unaliona, na yameandikwa namba ya NOC kwa herufi kubwa, hiyo niliwalazimisha mimi. Dada wa ghorofa ya nne hakuhama, ila kitanda cha mtoto kakisogeza ukuta wa pili na sikumbishia.

Kilichobaki ni ile hela ya hospitali ya fundi, ya kufungua faili, macho na dawa. Kampuni wanasema si mfanyakazi wao, mama anasema antena si yake na yeye floti kaishalipa. Kijana kampelekea mama risiti, mama kampeleka kwa kampuni, kampuni wamemwambia aandike barua kwa Kiingereza. Barua nimemwandikia mimi, nakala tumepeleka TAEC, bado tunasubiri.